Nani Anaweza Kukusomea?

Desemba hapa Göteborg jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Kwa Mwislamu mwenye siku za Ramadhani za kulipa, huu ndio msimu wake. Daku unakula bila kukurupuka, unakwenda kazini, na kabla zamu haijaisha umeshafuturu. Wanawake wengi wa kwetu ninaowajua hapa huziweka siku zao mpaka Desemba, na sioni aibu yake: sheria imetoa nafasi hadi Ramadhani ijayo, na nchi imetoa siku fupi.

Jioni ya mkutano wa mwisho wa mwaka wa klabu yetu ya vitabu nilikuwa nimefunga mojawapo ya siku hizo. Nilifungua kwa tende ndani ya tramu, baadaye nikafika maktaba saa kumi na mbili na sahani yangu ya visheti. Meza ilikuwa imeshajaa. Palikuwa na mikate ya zafarani iliyosokotwa kwa umbo la herufi S, ambayo Waswidi huila Desemba, hasa tarehe 13, siku ya Mtakatifu Lucia. Palikuwa na biskuti nyembamba za tangawizi na divai ya moto yenye mdalasini na iliki, ya kunywewa na lozi na zabibu kavu ndani ya kikombe. Pembeni iliwekwa chupa isiyo na kileo kwa ajili yangu, ya shoga yangu wa Mombasa, na ya mzee mmoja aliyeacha pombe zamani. Katikati ya meza yalipangwa machungwa yaliyochomekwa karafuu nzima nzima kwa mistari, pambo lao la Krismasi. Mimi ni mtoto wa Pemba. Nimekulia kwenye majamvi ya kuchambua karafuu usiku, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanukia mpaka unapokula ugali. Karafuu iliyochumwa na mtu juu ya mti mrefu, ikachambuliwa, ikaanikwa na kukimbizwa mvua, leo imechomekwa kwenye chungwa ambalo halitaliwa! Bado sijazoea. Ila chumba kilinukia kwetu.

Kitabu kilikuwa *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah, kilichotoka mwaka 1994. Tulikichagua kwa sababu mimi na shoga yangu tulisisitiza. Mwandishi ni Mzanzibari, amepewa Nobeli ya Fasihi na Waswidi wenyewe mwaka 2021, na katika klabu nzima hakuna Mswidi aliyekuwa amemsoma. Wao walikisoma kwa Kiswidi. Sisi wawili tulikuwa na *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mtu akisema “fungueni ukurasa fulani” ilikuwa vurugu tupu.

Mezani tulikuwa kumi na mmoja. Waliokuwa wamekimaliza ni watatu: shoga yangu, mimi, na mchungaji mstaafu. Huyu ni mama wa miaka sabini na kitu aliyepewa uchungaji wakati kanisa lao lilikuwa bado halijazoea jambo hilo, maana wanawake wa kwanza waliwekewa mikono mwaka 1960 tu. Yeye huja na daftari. Alipoona mmoja baada ya mwingine anasema “sikufika mwisho, Desemba bwana, unajua,” alifunga daftari lake.

“Basi klabu hii haijasoma kitabu,” akasema.

Aliyemjibu ni yule mzee asiyekunywa. Alikuwa mchomeleaji katika viwanda vya meli vya hapa Göteborg, ambavyo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Akasema: “Imesoma. Watatu wamesoma. Watatuambia.”

Watu wakacheka, vikombe vikajazwa tena. Lakini wawili hao hawakuwa wakitania, na mimi niliona kuwa wanabishana jambo ambalo mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha tukiwa bado wadogo. Kuna fardhi ain, iliyo juu ya kila shingo peke yake, kama swala tano: hata kijiji kizima kikisali, yako haijasaliwa. Na kuna fardhi kifaya, iliyo juu ya jamaa kwa pamoja, kama kumwosha na kumsalia maiti: wakitokea wa kutosha kuitimiza, waliobaki wamesalimika, asipotokea hata mmoja, wamepata dhambi wote. Swali la mchungaji ukilivua koti lake la baridi ni hilo hilo. Kusoma ni fardhi ya namna gani?

Mchungaji alikuwa na historia ya nchi nzima nyuma yake. Sheria ya Kanisa la Sweden ya mwaka 1686 ilitaka kila muumini, mume kwa mke, mwana wa mwenye nyumba na kijakazi, ajifunze kusoma ili aone kwa macho yake mwenyewe kile Mungu anachoamrisha. Mchungaji wa parokia alikwenda mtaa kwa mtaa, mara nyingi majira haya ya baridi shughuli za shamba zikiwa zimelala. Watu wa nyumba kadhaa walikusanywa kwenye nyumba moja, wakasomeshwa mmoja mmoja mbele ya wenzao, wakaulizwa katekisimu, na mchungaji akaandika alama ya kila mmoja kwenye daftari kubwa. Madaftari hayo yapo mpaka leo. Mwenye kufeli hakupata meza ya Bwana, na asiyepata meza ya Bwana alihangaika hata kuoa. Kufikia mwisho wa karne ya 18 watu wazima wengi wa Sweden walijua kusoma maandishi ya kuchapwa, ingawa kuandika hakukuwa sehemu ya mtihani, na wengi waliosoma Zaburi vizuri hawakuweza kutia saini.

Lililonifurahisha mimi ni mwisho wa mtihani. Watu wakila! Mwenye nyumba iliyofikiwa na mtihani alipaswa kuwalisha mchungaji na majirani, na karamu hizo ziligeuka mashindano ya nani kapika zaidi. Kwa hiyo mkutano wa kusoma katikati ya baridi wenye chakula kingi kuliko maneno si udhaifu wa kizazi hiki. Nilimwambia mchungaji hivyo. Akanijibu kuwa kwenye karamu zile angalau kila mmoja alikuwa ameshasoma kabla ya kunawa.

Mantiki yake ni ya Luther. Hakuna anayeweza kuamini kwa niaba yako, kwa hiyo hakuna anayeweza kusoma kwa niaba yako. Ni fardhi ain.

Mchomeleaji naye hakuwa mtupu. Mwaka 1902, katika mji wa Lund, mwalimu mmoja aitwaye Oscar Olsson, mtu wa chama cha kupiga vita ulevi, aliwakusanya wenzake wakaanzisha duara la kusoma: vitabu vichache vya shirika, vinazunguka mkono kwa mkono, watu wanakutana jioni kuvijadili bila profesa. Baada ya mwaka 1912 vyama vya wafanyakazi vilikuwa na shirika lao la elimu, na maduara hayo yalienea nchi nzima. Mzee wetu alilelewa humo. Mtu aliyechomelea vyuma tangu alfajiri hawezi kusoma kurasa 300 usiku; mmoja anasoma sura ya kwanza, mwingine ya pili, wanaelezana. Kwake yeye kitabu ni kama mzigo wa kunyanyuliwa na wengi, na anayedai kila mtu aunyanyue peke yake hajawahi kunyanyua kitu.

Jambo hili lilifika mpaka kwetu. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania Bara katikati ya miaka ya 1970 vilipata sura na msaada kutoka huku. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vijijini, redio moja, kijitabu, na mwenye kujua kusoma anawasomea wasiojua. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa na watu ambao wengi wao hawakuisoma hata sentensi moja ya kijitabu hicho. Nani atathubutu kusema hawakukielewa?

Na mimi? Mimi nina hitma.

Kwetu mtu akifariki, jamaa hukusanyika kumsomea. Msahafu mzima ni juzuu 30, na kwa shughuli kama hii huwa tunazo juzuu zilizotengwa, kila moja kijitabu chake, zimepangwa ndani ya kasha. Kasha linafunguliwa, juzuu zinagawiwa. Mzee anachukua yake, kijana yake, mtoto aliyehitimu jana anapewa Amma kwa kuwa anaijua kwa moyo. Kwa muda wa nusu saa hivi chumba kizima kinavuma, kila mtu yuko mahali pake tofauti katika Kitabu, huyu kwenye hukumu za mirathi, yule kwenye kisa cha Yusufu. Anayemaliza mapema humwangalia jirani. Akimwona bado yuko mbali, humnong’oneza “nipe nusu,” wakaigawana. Kisha juzuu zinarudi kwenye kasha, inasomwa dua, na mwenye kuongoza anatangaza kuwa Qur’ani imehitimiwa. Imehitimiwa na nani? Hakuna hata mmoja mle ndani aliyesoma zaidi ya juzuu mbili. Lakini imehitimiwa, na sijawahi kusikia mtu akisimama kusema kuwa ni uongo. Halafu inaletwa kahawa, halua na pilau.

Niliwaeleza hivyo mezani. Mchomeleaji akapiga meza kwa kiganja kama mtu aliyefunga goli. Mchungaji akauliza swali lililo la haki kabisa: “Na huyo marehemu, anapata nini?”

Hapo nililazimika kusema kweli kuwa sisi wenyewe tunabishana. Wako ndugu zetu, na pwani wameongezeka, wanaosema hakuna kitu. Mwanadamu hapati ila alichokihangaikia mwenyewe, na kusoma kwako ni kwako. Hata ndani ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kauli ni mbili. Iliyo mashuhuri inayonasibishwa na Imamu mwenyewe ni kuwa thawabu za kisomo hazimfikii maiti. Wanavyuoni wengi waliokuja baadaye wakasema zinafika, hasa msomaji akimaliza kwa dua ya kuziomba zifike. Mambo mengine fiqhi imeyapanga bila ghasia. Zaka yako waweza kumtuma mtu akaitoe. Hija, mtu asiyejiweza au aliyekwisha kufa huhijiwa na mwingine, ilmradi huyo mwingine ameshahiji yake kwanza. Saumu ya marehemu kuna wanaosema jamaa yake atamfungia. Lakini swala hapana. Hakuna mtu aliyewahi kumsalia aliye hai Adhuhuri yake. Kadiri jambo linavyosogea karibu na moyo, ndivyo wakala anavyokosa kazi.

Nilidhani nimemaliza. Mchungaji akaligeuza jambo kwa namna ambayo sikuitegemea, na kwa maoni yangu hapo ndipo jioni ile ilipopata thamani yake.

Katika kitabu kile, kwa ambaye hajakisoma, kijana Yusuf wa miaka 12 anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye siku zote amekuwa akimwita ami yake. Safari inaanza kwa treni, kijana anafurahia. Anakuja kujua baadaye kuwa Aziz si ami wala nini. Baba yake alikuwa na deni asiloweza kulilipa, na yeye Yusuf ndiye rehani. Dukani anamkuta Khalil, kijana mwingine aliyewekwa kwa namna hiyo hiyo, anayemcheka kila anapotamka neno “ami”. Mwili wa mtoto umelipa biashara ya baba.

Mchungaji akasema: “Mimi ndiye ninayedai kila mmoja asome mwenyewe. Na dini yangu yote imesimama juu ya mmoja aliyewalipia wengine. Ndiye tunayemwashia hii mishumaa kwa ajili ya kuzaliwa kwake. Wewe dini yako inasema hakuna atakayebeba mzigo wa mwenzake, halafu mnakutana mnagawana Kitabu vipande thelathini. Nani kati yetu anaishi anachokiamini?”

Chumba kilinyamaza kidogo, mama wa maktaba akaacha kukata keki.

Nimelifikiria swali lile tangu siku hiyo, nikiwa kwenye tramu, nikiwa kazini. Jibu langu, kwa sasa, ni kwamba alikuwa amechanganya deni na kazi. Deni lina mwenyewe. Baba yake Yusuf alipolilipa kwa mtoto hakuligawa deni, alilihamisha, na aliyehamishiwa hakuulizwa. Ubaya wa rehani uko hapo, na hata Mkristo anayeamini ukombozi atakwambia kuwa Masihi wake alijitoa kwa hiari, hakukabidhiwa akiwa usingizini kwenye treni. Kazi ni kitu kingine. Ukiigawa haihami, inakamilika. Mtu aliyepewa juzuu ya kumi kwenye hitma hajaondolewa wajibu wa kumjua Mola wake. Ameondolewa tu uchovu wa kusoma peke yake usiku wa msiba. Anayetoka pale akiamini kuwa sasa hana tena haja ya kufungua Msahafu mpaka mtu mwingine afe, huyo hakuielewa hitma, na nina hakika wapo wengi.

Lakini tulikuwa bado hatujamaliza na kitabu. Shoga yangu alianza kuwasimulia wasiofika mwisho habari za Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz. Ni mtu wa maneno machache, mtumwa wa zamani, anayemwagilia na kupogoa kila siku. Bibi wa nyumba alimpa uhuru wake zamani, na yeye akaukataa. Si kwa sababu aliupenda utumwa. Hoja yake ni kwamba uhuru haukuwa mali ya bibi yule hata aweze kuutoa kama zawadi. Shoga yangu alisimulia vizuri, ana kipaji hicho, na watu wakatikisa vichwa: aa, nzuri sana, ya kufikirisha.

Mchomeleaji hakutikisa. Akasema, “Nionyeshe mahali penyewe.” Ikatafutwa nakala ya Kiswidi, tukahangaika na kurasa zisizolingana, mpaka pakapatikana. Akavaa miwani. Akasoma kimya, midomo ikitikisika, kurasa mbili au tatu. Sisi wengine tukarudi kwenye mikate. Alipomaliza hakusema kitu cha maana, alisema tu kwamba kiwanda kilipofungwa aliitwa ofisini akapewa saa ya mkononi, na kwamba hajawahi kuivaa.

Basi. Hicho ndicho ambacho watatu tuliomaliza hatukuweza kumletea. Kisa tulimpa, na kilimfika salama. Asingelazimika kusoma ili ajue Yusuf ni nani na Hamdani ni nani. Lakini swali la Hamdani halisafiri kwa mdomo wa mtu mwingine. Linamngoja kila mmoja pale pale ukurasani, na linamuuliza yeye, habari zake yeye. Hata mimi niliyekimaliza kitabu, pale nilipita haraka, maana mimi macho yangu yalikuwa kwa Khalil.

Kwa hiyo nikiulizwa fatwa yangu ya meza ya maktaba, nisiye mwanachuoni, nasema hivi: kukimaliza kitabu ni kifaya, kuulizwa nacho ni ain. Klabu ilikuwa imekisoma, mchungaji alikosea. Na wanane wasiokimaliza walikuwa bado wanadaiwa, mchomeleaji naye alikosea, ingawa yeye alilipa kabla hatujatoka.

Kazini kwangu nawahudumia wazee. Yupo mmoja, macho yameshamwisha, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tukipata nafasi baada ya chai namsomea, kwa Kiswidi changu cha Pemba. Ananisahihisha matamshi akiwa amefumba macho, kwa sauti ile ile aliyoitumia darasani, na mimi narudia kama mwanafunzi. Kuna siku analala katikati. Zamani nilikuwa nasimama hapo hapo. Siku hizi namalizia ukurasa, kwa sababu akiamka huniuliza ilikuwaje, na lazima awepo mmoja anayejua. Hapa ndipo ninapomwona mchungaji na ukali wake amepungukiwa. Yule mzee hawezi tena kusoma kwa macho yake mwenyewe, sheria ya 1686 ingempa alama gani? Lakini anapouliza “ilikuwaje,” simpi muhtasari. Namrudisha pale pale alipopitiwa na usingizi, tunaanza tena, naye anakereka nikienda haraka.

Kaka yangu aliyeko Wete huwa na wasiwasi na Desemba zangu. Siku ile ya mkutano alinipigia nikiwa navaa viatu vya theluji. “Dada, na huko unakokwenda si ni kusherehekea Krismasi ya watu?” Nikamwambia nakwenda kwenye kitabu. “Na mishumaa? Na hayo mavazi meupe?” Alikuwa ameona picha za Lucia: mabinti wamevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, mmoja ana taji la mishumaa kichwani, wanaimba alfajiri gizani. Nilimweleza kuwa Lucia alikuwa shahidi wa Kikristo wa Sicilia aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 4, kwamba kwa kalenda ya zamani usiku wake ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote, na kwamba Waswidi wengi wanaoimba asubuhi hiyo hawaombi watakatifu, na kanisani huenda kwa harusi na mazishi. Akasema hilo ndilo linalomtisha zaidi: watu wanaoimba wasichokiamini.

Kaka yangu si mjinga, na hoja yake ya kujifananisha na watu ina uzito kwetu. Lakini hapa nimefikia mahali nimetulia. Imani ndiyo ain kupita zote. Kama mchungaji yule, kwa ukarimu wake wote, hawezi kuamini kwa niaba yangu, basi mkate wa zafarani nao hauwezi. Nyimbo zao siimbi, divai yao sinywi, nyama ya nguruwe inapitishwa mbele yangu na hakuna anayenilazimisha. Nakaa. Kukaa na jirani siku yake ya furaha ni haki ya jirani, na jirani kwetu ana haki hata akiwa si wa dini yako. Isa mwana wa Mariamu namheshimu kwa mujibu wa Kitabu changu, si kwa mujibu wa machungwa yao. Na wao wanajua hivyo, maana sikuwaficha. Kinachoniudhi mimi ni yule wa kwetu anayekwenda, anakula, kisha anasema hakwenda. Ni ndugu yake huyu anayekuja klabuni hajafungua kitabu, akaanza kutoa maoni juu ya mhusika aliyemsikia dakika tano zilizopita. Mmoja tunaye. Simtaji, anasoma Kiswahili.

Mkutano ulivunjika saa mbili usiku. Kabla ya kuondoka tulipiga kura ya kitabu cha Januari, na kikapita *Gösta Berlings saga* cha Selma Lagerlöf, cha mwaka 1891, yule mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Fasihi. Shoga yangu ana wasiwasi na unene wake. Nimeshaanza. Kinafungua na mchungaji mlevi mimbarini, na haupiti muda unafika usiku wa Krismasi ambapo wanaume kumi na wawili wanaokula bure kwenye nyumba ya mwanamke tajiri wanaambiwa kuwa kila mwaka roho ya mmoja wao hutolewa kwa Ibilisi ili yeye mama abaki na mali yake. Mchungaji wetu anakijua tangu utotoni na anasema hatasimulia chochote.

Ukiwa mwanachama na hujakimaliza, njoo. Leta visheti au chochote ulicho nacho. Ila tuoneshe ukurasa mmoja uliousoma mwenyewe, na habari za kurasa nyingine zote utuulize sisi.